Mkuu, ipindue hiyo mashine kabla hujatoa hela

Mleta uzi, rudisha hela mfukoni kwanza. Umesema umepata kazi ya kukata majani shule ya bweni na uwanja wa kanisa. Unalinganisha mashine ya kusukuma yenye injini ya Honda GXV160 na ile ya cc 173 "ya nguvu 7" (yaani nguvu za farasi) inayouzwa karibu nusu bei, na unaelekea kuchukua hiyo ya nguvu 7 kwa sababu muuzaji kakuhakikishia "hii ni ya kazi nzito". Hapo nimeshindwa kuendelea kusoma. Hayo maneno niliambiwa mimi, Arusha, nikiwa na milioni moja na laki mbili taslimu na akili za mtu aliyepata tenda yake ya kwanza. Mashine yenyewe bado ninayo. Kuku wanataga chini yake, na hao ndio wateja pekee walioifurahia.

Kosa langu halikuwa kukosa hela. Kosa ni kwamba sikuipindua.

Niliomba, nisijionee. Nilishaishika mpini niilaze, muuzaji akaruka: "Bosi, ukiilaza oili inaingia kabureta, waranti imekufa hapo hapo." Nikaachia kama mtoto aliyekutwa anachovya sukari. Nimefika nyumbani nafungua karatasi ya maelekezo, naambiwa mashine mpya inatoka bila oili, ijaze kabla ya kuwasha. Mkuu, ndani hakukuwa na tone! Oili niliimimina kwa mkono wangu, na kopo nilinunua kwa huyo huyo aliyekuwa ananitisha nayo. Sijui mpaka leo kama alikuwa mjinga au mjanja. Nimeamua ni mjanja, inaniuma kidogo zaidi lakini inanipa heshima.

Chini alikuwa anaficha nini? Kisu kimoja kirefu, kimefungwa kwa bolti moja, moja kwa moja kwenye ncha ya krenki, ile shafti ya injini inayozungusha kisu. Bodi ya bati ambalo ukiligonga kwa kucha linalia kama sufuria. Matairi ya plastiki yanazunguka juu ya chuma kitupu, beringi hakuna. Kwa bustani ya nyumbani unayokata kila Jumamosi nusu saa, hivyo vyote sawa tu. Mimi nilikuwa naipeleka saa sita kwa siku.

Wiki ya tano, masika yamekolea, nyasi za kikuyu zimejaa kama godoro. Nyuma ya goli kulikuwa na bomba la zamani lililokatwa, limebaki kama vidole viwili juu ya ardhi, limefunikwa kabisa. Nilisikia mlio kama mtu kapiga geti kwa nyundo, injini kimya. Navuta kamba, inanirudisha mkono kwa nguvu mpaka bega likalia. Fundi akafungua flaiwili, lile gurudumu zito la injini, akanionyesha kile kichuma kidogo kinachoishikilia kwenye krenki: kimekatika katikati.

Sasa sikiliza hapa. Kile kichuma kwenye injini nyingi hizi ni laini kwa makusudi. Kikikatika, taimingi ya cheche (wakati plagi inapopiga) inahama, injini inagoma, unanunua kingine kwa hela ya soda, maisha yanaendelea. Mimi nilizunguka mji mzima sikukipata cha injini ile. Fundi wangu, Mungu amlinde maana mimi nilikuwa na mipango mingine, akachonga kimoja kutoka kwenye shina la bisibisi. Chuma kigumu haswa. Akanipiga bega: "Hiki hakikatiki tena, kaka."

Na kweli hakikukatika. Wiki tatu baadaye nimegonga mzizi wa mgravilea, kichuma kikabaki kizima kabisa, krenki ndiyo ikapinda.

Mashine yenye krenki iliyopinda bado inawaka, na hapo ndipo inakumaliza. Nilisukuma ile kitu siku nne ikitetemeka mpaka usiku kijiko cha wali kinacheza mkononi. Bolti za injini zikalegea, bati likapasuka kuizunguka injini, tukachomelea, likapasuka pembeni ya pale tulipochomelea. Sili ya chini ikaanza kuvuja oili, ikaacha mstari wa nyasi zilizoungua kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye kona. Mwalimu wa michezo akaniuliza kama ni alama ya mchezo mpya.

Gharama hizi hapa, maana na wewe unasema "bei nafuu". Mashine 1,200,000. Fundi na kuchomelea 140,000. Vijana watatu na mashine zao za kufyekea za begani, 15,000 kila mmoja kwa siku, siku 11: 495,000. Shule ikanikata 300,000 kwa kuchelewesha uwanja kabla ya mahafali. Jumla 2,135,000. Ile niliyoikataa kwa kuwa ghali ilikuwa 2,100,000.

Kwa hiyo pindua. Ninayotumia sasa niliipindua pale pale dukani, nikalaza upande ambao plagi na chujio la hewa vinaangalia juu (hiyo ndiyo namna, hata ikiwa na oili haiingii kusikotakiwa, na waya wa plagi uchomoe kwanza). Chini kuna sahani ya chuma ya duara, na visu vifupi vinne vimening'inia pembeni kwa bolti. Ukikisukuma kwa kidole kinazunguka. Kikigonga jiwe kinarudi nyuma, krenki haipokei lile pigo lote. Nishagonga mawe mengi tu, nimebadilisha visu, krenki iko vile vile. Bodi nene, matairi yana beringi. Kama ni kisu kirefu cha bolti moja na uwanja wako una visiki, hata stika ikisema nguvu 20, achana nayo.

Na hizo nguvu 7 zenyewe wala usihangaike nazo. GXV160 ina cc 163 na inatoa kama 4.3 tu. Honda nyingine, GX200 yenye cc 196, inatoa 5.5. Sasa hiyo ya cc 173 uliyoitaja inatoa 7 kwa dawa gani? Soma pia herufi kwenye injini kwa jicho kali: GXV ni ya biashara, GCV ni ya nyumbani na ina mkanda wa taimingi ndani. Herufi moja tu ya katikati, na muuzaji akitamka haraka huisikii. Pia kuna za kunakili zinazofanana kwa kila kitu mpaka rangi.

Ukataji? Kisu chenye makali. Ukiona ncha za nyasi zimegeuka nyeupe siku ya pili, hukukata, ulichana. Mimi nanoa kila baada ya saa 25 hivi, na kama chako ni kisu kirefu, kikishanolewa kitundike katikati kwenye msumari ukutani, upande ukiinama usage tena. Kwenye mteremko sukuma kwa kukata ubavu, usipande na kushuka. Na injini hizi oili inarushwa tu ndani, ukiilaza sana ikiwa inaunguruma unaiua kwa kiu.

Mashine ya kukalia ya mtumba uliyoiulizia sijawahi kumiliki, kwa hiyo nanyamaza. Uliuliza na kitu kingine hapo chini kuhusu bei za kutoza kwa eka, sijui na kapu la majani, watakujibu wengine. Mimi nataka ujue kitu kimoja: kesho akikuambia oili itaingia kabureta, fungua kifuniko cha oili mbele yake, chovya kile kijiti, kitoe, mwonyeshe kilivyo kikavu. Kisha endelea kuilaza. Vaa suruali unayoweza kupiga nayo magoti.