Grisi Kwenye Mashine: Kadari na Hiari kwa Anayeanza Kuandika Safari za Wakati

Anayeanza kuandika hadithi ya mtu anayerudi miaka ya nyuma huhangaika kwanza na chombo: pango kule Gombe, behewa bovu stesheni ya Tabora, saa ya mfukoni ya babu. Hilo lisubiri. Swali la kujibu kabla ya ukurasa wa kwanza ni moja tu: je, yaliyokwisha kutokea yanabadilika? Liandike jibu kwa sentensi moja, libandike ukutani, usilibadilishe mpaka hadithi iishe. Hadithi nyingi za aina hii zinazoharibika huharibikia hapo, kwa sababu sura ya pili inasema hayabadiliki na sura ya saba inayabadilisha ili shujaa apone.

Majibu ni matatu. La kwanza: hayabadiliki. Msafiri akifika huko nyuma, basi siku zote alikuwa ameshafika, na alichokifanya kimo ndani ya historia ileile anayoijua. Mwanafizikia Igor Novikov wa Urusi alitetea kanuni ya namna hii, kwamba tukio linaloipinga historia yake lenyewe haliwezi kutokea. La pili: yanabadilika, na ulimwengu aliotoka msafiri unafutika. La tatu: akigusa jambo, njia inagawanyika, ya zamani inaendelea kivyake na mpya inaanza. Waandishi wengi huegemeza hili la tatu kwenye wazo la mwanafizikia Mmarekani Hugh Everett la mwaka 1957 katika fizikia ya vitu vidogo mno.

Ushauri wetu kwa mgeni ni kuanza na la kwanza. Linaonekana gumu na linaonekana kumnyima mhusika hiari, lakini ndilo linalofundisha zaidi, maana humo kadari na hiari zinalazimika kulala chumba kimoja.

Chukua meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo kila mtoto wa Kigoma anaifahamu. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Julai 26, 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mashine grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua.

Sasa mpe msichana wa Mwanga, mtaa wa Kigoma, tumwite Rehema, nia ya kurudi 1916 kuzuia meli isizamishwe. Mwandishi mgeni ataandika hivi: Rehema anakimbilia bandarini, anakamatwa na askari, anatoroka, anapata homa, anapona, mtumbwi unapasuka, anafika Malagarasi na kukuta mlingoti wa mwisho unamezwa na maji. Historia haikubadilika, kweli, lakini kilichomzuia ni mkono wa mwandishi. Askari, homa na mtumbwi ni vizuizi vitatu visivyohusiana, na msomaji anaanza kuvihesabu. Akishavihesabu, Rehema amekwisha kuwa kinyago.

Iandike upya hivi. Rehema anafika salama. Anamkuta fundi mkuu chumba cha mashine, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafuta mikono kwa kitambaa kilicholowa mafuta. Anamwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo Wajerumani waliitumia katika utawala wao huku:

"Bwana fundi, msiizamishe. Meli hii ina miaka mingi ya kufanya kazi."

"Umejuaje?"

"Nimeipanda."

Fundi anamtazama, kisha anaitazama mashine aliyoifunga kwa mikono yake, msumari kwa msumari. Amri ya kuzamisha si yake kuikataa. Lakini kama ipo siku meli hii itasafiri tena, basi ipo namna ya kuizamisha isife. Anainuka na kuagiza pipa la grisi.

Hakuna kilichobadilika: meli imezama tarehe ileile, mahali palepale. Hata hivyo maneno ya Rehema yamefanya kazi. Bila hayo hakuna grisi, na bila grisi hakuna Liemba ya kupanda. Alikwenda kuizuia historia naye akawa kiungo chake, kwa hiari yake, kwa sentensi aliyoichagua mwenyewe. Hadithi ya wakati usiobadilika ikifika hapo imekamilika, maana msomaji ameacha kuuliza kwa nini Rehema hakuweza, na sasa anauliza alikuwa akitaka nini hasa. Alitaka meli iishi. Ikaishi.

Kipimo cha haraka baada ya rasimu ya kwanza: futa uamuzi wa mhusika katika sura unayoikagua, uache mengine yote. Tukio likitokea vilevile na kwa sababu zilezile, mhusika ni abiria tu, rudia sura hiyo. Bahati mbaya iruhusu mara moja, tena mwanzoni, pale inapomwingiza mhusika matatizoni. Bahati mbaya inayomkwamisha mwishoni ni udhaifu wa mwandishi uliovikwa joho la kadari. Na tahadhari nyingine: msomaji wa Ujiji aliyepita madrasa anajua vizuri kwamba kuamini kadari hakumwondolei mtu kuulizwa juu ya matendo yake. Ukimwandikia kadari inayofuta dhamana ya mtu, hutakuwa umemwandikia kadari anayoijua.

Kuhusu kile kitendawili cha mjukuu anayerudi kumuua babu yake kabla babu hajaoa: mwanafalsafa David Lewis alikieleza vizuri mwaka 1976, na Kiswahili kinatusaidia kumwelewa. Mjukuu ana bunduki nzima, mkono hautetemeki, babu yuko hatua kumi mbele yake. Je, anaweza? Uwezo anao. Yamkini? Hapana, kwa sababu babu alizaa, na mjukuu mwenyewe ndiye ushahidi. Uwezo na yamkini ni mambo mawili. Mwandishi akiyachanganya atafikiri lazima amnyang'anye mjukuu uwezo, na ndipo bunduki inapokwama mara tatu mfululizo. Mwache na uwezo wake wote. Mtafutie sababu ya kutofyatua, au ya kukosa, inayotoka ndani yake.

Hiari ya mhusika hupumua penye pengo la kumbukumbu. Kwa hiyo kabla ya kuandika chora daftari safu tatu: yaliyothibitishwa, yanayobishaniwa, yasiyoandikwa popote. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Hilo limefungwa, usimpandishe mtu treni ya kushuka Kigoma mwaka 1910. Fedha yake enzi ya Wajerumani ni rupia; akitoa shilingi sokoni ameharibu kila kitu. Lakini kukutana kwa Stanley na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871 kuna mlango ulio wazi: Stanley aliandika Novemba 10, ilhali shajara ya Livingstone inaangukia Oktoba. Siku hizo zinazogongana ni mali yako, wafanyishe wahusika unachotaka. Angalia na ziwa lenyewe: maji yalikuwa juu kuliko leo, yakaendelea kupanda mpaka mto Lukuga, upande wa Kongo, ulipofunguka mwaka 1878 na kuyatoa. Mtu anayeibukia Ujiji ya 1876 akitegemea ufuo wa leo atajikuta majini.

Safu ya tatu ndiyo tajiri. Nani aliliinua lile pipa la grisi? Yuko wapi aliyelisukuma sanduku la mwisho? Watu hao waliishi, waliamua, na hakuna aliyewaandika. Huko kadari haina hati, na mwandishi wa Kigoma au Tabora ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani.

Vitu vinavyozunguka bila mwanzo viepuke. Mfano, bibi anampa Rehema ufunguo wa chumba cha mashine, Rehema anauacha 1916, unarithiwa mpaka kwa bibi. Nani aliuchonga? Hakuna. Tena kila mzunguko unauongezea kutu ya miaka mia, kwa hiyo hauwezi kuwa ufunguo uleule. Kasoro hii inagusa hiari moja kwa moja, kwa kuwa kitu kisicho na mtengenezaji ni uamuzi usio na mwenyewe. Mtafutie mhunzi.

Ukichagua wakati unaobadilika, amua mapema nani anakumbuka ulimwengu uliofutika. Ukichagua njia zinazogawanyika, hatari ni uamuzi kukosa uzito, kwani kila kitu kimetokea mahali fulani. Dawa ni kurudi angalau mara moja kwenye njia iliyoachwa: mama yuko stesheni anamsubiri mtoto asiyerudi.

Sarufi nayo ifuate kanuni uliyoibandika ukutani. Katika ulimwengu usiobadilika, msimulizi asiseme "asingalikwenda, meli ingaliokoka", maana anadai kulikuwa na historia nyingine. Mpe mhusika maneno hayo. Majuto ni yake, na -ngali- ndicho kinywa cha majuto. Kwa -li- na -ta- fuata saa ya msafiri. Rehema aliyetoka kwetu asubuhi na kufika 1916 jioni atasema "niliipanda Liemba", hata kama kalenda ya ukutani inasema bado miaka kumi na moja.

Mwisho ni jedwali la nyakati mbili, karatasi moja kwa hadithi ya maneno 3,000, na safari zisizidi mbili kwa urefu huo. Kushoto andika saa ya msafiri kuanzia alipoondoka, kulia tarehe ya mahali alipo. Usiku andika kwa namna yetu, "usiku wa kuamkia", na kando yake tarehe zote mbili. Usiku wa kuamkia Julai 26 umeanza Julai 25 jua lilipozama, na mwandishi asiyeliweka sawa hilo atamfikisha Rehema Malagarasi siku moja baada ya meli.