Kuchora historia ya mji ukutani, inalipa?

Mkuu umeuliza kama kuchora historia ya Pangani kwenye kuta kutaleta wageni au ni kumaliza rangi bure. Mimi nakwambia inalipa kabisa, angalia Chemainus, kimji kidogo cha Kanada kwenye kisiwa cha Vancouver, pale walikuwa wanategemea kiwanda cha mbao, 1982 wakaanza na michoro mitano, mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa lakini wao wakaendelea kuchora tu na leo michoro imepita 40 na watalii wanaenda kwa ajili hiyo hiyo. Na hawakuchora maua, wamechora mashine ya mvuke inayovuta magogo, wamechora nyuso kubwa kabisa za wenyeji wa asili wa pale, ukisimama chini unaona unatazamwa.

Sasa nyie mna mkonge, mna majahazi, mna Abushiri aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani akanyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889, aisee mtakosa nini cha kuchora? Kaeni na wazee kwanza kabla hata ya kununua kopo moja la rangi.

Ila naomba sana, zile nyumba za zamani za mawe na chokaa msizipige rangi ya plastiki, ukuta ule unapumua, unyevu na chumvi vikikosa pa kutokea rangi inavimba malengelenge afu inabanduka na plasta yake, nimeona kwa macho yangu inaumiza. Tumieni kuta za tofali za saruji, hata ukuta wa stendi unatosha.