Niache statini, ninywe dawa ya kusafisha mishipa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 34, mwembamba, na vya mafuta sili sana. Hata hivyo LDL yangu, ile lehemu (kolesteroli) mbaya ya kwenye damu, imesoma juu, 7.4 mmol/L. Baba alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 43. Hospitali wanasema nimerithi, seli zangu hazipokei lehemu ipasavyo. Muuza dawa za asili anataka niache statini, vidonge vya hospitali vya kushusha lehemu, nitumie yake ya kusafisha mishipa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Statini usiache.

Kinachoniudhi ni hii imani kwamba lehemu ni uchafu ulioganda, unaoyeyushwa kwa ndimu na kitunguu saumu. LDL huondolewa kwenye damu na seli, hasa za ini. Juu ya seli kuna vipokezi vinavyoinasa. Hukusanyika pale ambapo utando wa seli umeshikwa, kwa upande wa ndani, na protini iitwayo klathrini, iliyojifuma kama tenga. Utando hubonyea, kisha kipande chake hukatika na kuwa kifuko kinachozama ndani na LDL yake. Klathrini hufumuka mara moja, LDL huenda kusagwa, kipokezi hurudi juu kubeba nyingine. Mzunguko mzima ni kama dakika 10, na hurudiwa mamia ya mara.

Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985, waligundua haya kwa kuchunguza familia kama yako. Mgonjwa mmoja alikuwa na vipokezi vinavyonasa LDL vizuri, ila havikukusanyika kwenye vile vishimo vya klathrini. LDL ikanaswa na kubaki mlangoni.

Sasa, dawa ya huyo bwana inagusa wapi hapo? Statini inagusa: hupunguza lehemu inayotengenezwa na ini, na ini likipungukiwa huongeza vipokezi. Ukiwa umerithi jeni mbovu kwa mzazi mmoja tu, ile nzima bado inafanya kazi, na ndiyo statini inayoichochea. Wanao na ndugu zako wapimwe pia.

Wauzaji hawa siku hizi wanataja seli na sumu kwa ufasaha, na wanawapata watu kirahisi kwa sababu LDL iliyopanda haiumi. Mtu huacha vidonge, hujisikia mzima, hudhani amepona, huku mishipa ikiendelea kuziba. Anayekwambia uache ya hospitali ili ya kwake ifanye kazi, mdai majibu ya maabara ya LDL, ya kabla na ya baada.