Pawa saplai ya 7812 inaunguruma na kuchemka, tatizo liko wapi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nimeunda pawa saplai ya volti 12 kwa ajili ya amplifaya ndogo. Transfoma ni ya 12V ampea 1, dayodi nne 1N4007, kapasita moja ya maikrofaradi 1000 ya 25V, halafu regyuleta 7812 (kile kipande cha miguu mitatu kinachoshikilia volti 12) nimeiacha hivihivi bila hitisinki, yaani bati la kupoozea. Bila mzigo mita inasoma 12 safi kabisa. Nikifunga amplifaya nikapandisha sauti, spika inaunguruma, mita inashuka hadi 10 na kitu, na 7812 haishikiki kwa moto. Nimebadilisha 7812 bado vilevile. Ni feki au? Na nikichukua ya swichingi tatizo litaisha?

JIBU: Nzuri ndugu. Sidhani kama 7812 zako ni feki, kwa saketi hiyo hata original ingeunguruma tu.

Kuna kitu watu wengi wanakiruka: regyuleta ya aina hii inajua kupunguza, kuongeza haijui. Ili 7812 itoe 12 lazima mguu wake wa kuingilia upate 14 na kitu muda wote, sio kwa wastani, muda wote. Na hapo kwenye muda wote ndo ulipokwama.

Twende na namba. Transfoma ikiandikwa 12, hiyo ni AC (umeme wa mawimbi, unaogeuka-geuka) kama mita inavyoisoma, kilele cha wimbi lenyewe kipo juu zaidi, unazidisha kwa 1.41 unapata kama 17. Kila nusu wimbi umeme unapita dayodi mbili, kila moja inakula 0.7 hivi, kwahiyo kwenye kapasita zinafika kama 15.5. Hicho ni kilele tu. Dayodi zinachaji kapasita kwa muda mfupi sana pale karibu na kilele halafu zinafunga, na kuanzia hapo mpaka kilele kingine amplifaya inakula kutoka kwenye kapasita peke yake. Umeme wa hertzi 50 ukishapita kwenye dayodi nne unakuwa na vilele 100 kwa sekunde, yaani kimoja kila milisekunde 10, na katika hizo 10 kama 7 hivi kapasita inajitegemea. Sasa vuta ampea 1 kwa milisekunde 7 kutoka kwenye maikrofaradi 1000, volti 7 zimeondoka. Kwahiyo 15.5 yako inaporomoka hadi 8 na nusu kisha inapanda tena, mara 100 kwa sekunde, na 7812 imekaa pale inasubiri 14 ambayo haipo. Ikifika chini ya hapo inaacha kuregyuleti, inapitisha tu kilichopo kikiwa kimepungua volti mbili hivi, na lile shimo linatokea upande wa kutokea. Huo ndo mngurumo wako, hertzi 100 (penye umeme wa hertzi 60 unausikia wa 120).

Mita kwenye DC (umeme usiogeuka) inakupa wastani, mashimo haiyaoni, ndo maana unaona 10 na kitu imetulia wakati ndani kunapanda na kushuka. Na bila mzigo kila kitu kinaonekana kizuri kwa sababu kapasita haishuki, tena transfoma ndogo zikiwa hazina mzigo zinatoa zaidi ya zilichoandikiwa, ya 12 kukuta 14 ni kawaida. Pawa saplai usiipime bila mzigo ukasema imekubali. Funga taa ya 12V wati 10, inakula kama ampea 0.8, halafu pima mguu wa kuingilia wa 7812, kwanza kwenye DC, kisha kwenye AC ukiwa umeunganisha kapasita ndogo ya maikrofaradi 1 isiyo na polariti kwenye waya mmoja wa mita ili izuie DC. Ukiona volti mbili na zaidi za AC hapo, kapasita yako kubwa imezidiwa.

Ndani ya 7812 kuna vitu vitatu vya maana: volti ya rejea ambayo haibadiliki, amplifaya ndogo inayolinganisha volti ya kutokea na hiyo rejea, na transista nene iliyosimama njiani kati ya kuingia na kutoka. Besi ya muziki ikipiga, volti ya kutokea inashuka kidogo sana, ile amplifaya ya ndani inaona tofauti inaifungua transista zaidi, volti inarudi, yote hayo ndani ya maikrosekunde. Ila transista ikishafunguka mpaka mwisho hamna tena cha kufungua.

Kuhusu moto, kila volti inayobaki njiani ukizidisha kwa ampea ndo wati zinazogeuka joto. Kwa saketi yako ilivyo ni wati 2 au 3 tu, lakini 7812 bila hitisinki inapanda kama nyuzi 65 za Selsiasi kwa kila wati moja, kwahiyo hizo zinatosha kabisa kuifikisha kule inakojizima yenyewe kujiokoa. Na nikwambie mapema ili usishangae: ukiondoa mngurumo joto litaongezeka, maana volti za kuingia zitakuwa nyingi zaidi.

Dawa yake sasa. Transfoma ya 15V ampea 2. Sio 1, kwa sababu transfoma inachaji kapasita kwa mikupuo mifupi mikubwa, ile ya ampea 1 AC usiitegemee zaidi ya 0.6 hivi za DC. Kapasita maikrofaradi 4700, na iwe ya 35V, maana 15 ikiwa haina mzigo inaweza kugusa 25 na ile yako ya zamani itavimba. Hapo bonde, yaani volti inapofika chini kabisa kati ya vilele, litakaa kwenye 17 hivi, hata umeme wa ukutani ukishuka kidogo bado una akiba. Joto litakuwa wati 6 mpaka 7, weka hitisinki yenye mapezi ya ukubwa wa kiganja na paka pesti yake. Bati la 7812 ni graundi, unaweza kulifunga moja kwa moja kwenye bodi ya chuma bila maika (kile kikaratasi cha kuzuia umeme), ila usizoee hivyo kwa LM317 (regyuleta nyingine, ya kurekebishika) maana bati lake ni mguu wa kutokea. Usije ukachukua transfoma ya 24 ukidhani akiba nyingi ndo nzuri, 7812 mwisho wake ni 35 kwenye kuingia na hapo utakuwa unachemsha wati karibu 20 bure. Vikapasita vya maikrofaradi 0.33 na 0.1 weka karibu kabisa na miguu, bila hivyo regyuleta inaweza kuanza kutetemeka yenyewe.

Swichingi inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Inageuza umeme wa ukutani kuwa DC kwanza, kwa 230 unapata kama 325, halafu inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde kupitia transfoma ndogo ya feraiti, na kule mwisho kuna kitu kama TL431 kinalinganisha na rejea yake ya 2.5V, kinarudisha taarifa kupitia optokapla (kipande kinachopitisha taarifa kwa mwanga) ili muda wa kuwasha uongezwe au upunguzwe. Transista yake ni ama imefunga ama imefunguka kabisa, ndo maana joto ni dogo. Kwa amplifaya yako, swichingi ya 12V ampea 2 inatosha sana, ila redio ya AM ikiwa karibu itapiga kelele. Usiifungue kama hujazoea, ile kapasita ya 325 inabaki na chaji hata ukichomoa waya.

Ukibaki na 7812, angalia na waya wa graundi ya amplifaya unautoa wapi. Watu wanaupiga solda pale kwenye kipande kinachotoka dayodi kwenda kwenye kapasita, sasa hapo ndo ile mikupuo ya kuchaji inapopita, mngurumo unaingia kwenye spika hata kama regyuleta iko sawa. Utoe kwenye mguu wa kati wa 7812.