Kabla hujafungua kile kidude cha mdomoni mwa bunduki

Mke wangu alinikuta gereji saa tano usiku, nimekumbatia nusu ya bunduki, spana mkononi, jasho linanitiririka. "Baba Salma, hicho chuma kimekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Kidude chenyewe nilishakifungua. Nilichokuwa nakitazama ni saiti ya mbele, ambayo sasa ilikuwa imeinama upande kama mlingoti wa dau bovu.

Ninaishi Texas, na miezi ya baridi huwa naenda kuwinda nguruwe mwitu kwenye shamba la rafiki yangu. Tangu 2019 huku huna haja ya leseni ya uwindaji kumpiga mnyama huyu katika shamba la mtu, ilimradi mwenyewe amekuruhusu. Bunduki yangu ni AR-15 ya kawaida, na mdomoni ilikuja na kizuia mwako: kile kikopo chenye matundu juu na pembeni, chini kimezibwa ili ukilala kifudifudi kisikurushie vumbi usoni. Mimi nikataka breki, ambayo hutupa gesi pembeni na kupunguza teke la bunduki begani.

Kwanza, usalama, na hapa sina mzaha. Toa magazini, vuta bolti, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zote zitoke kwenye chumba unachofanyia kazi. AR ina raha moja: unasukuma pini mbili, nusu ya juu inaachana na ya chini, unachomoa na bolti yake. Hapo umebaki na bomba tu.

Sasa kosa langu. Nilibana mwili wa bunduki kwenye jiliwa, nikavuta spana kule mdomoni. Mwili ni alumini; mtutu ni chuma, na umeshikwa usizunguke na kijipini kidogo kinachokaa kwenye kijipengo cha alumini. Ukivuta mdomoni huku umebana mwili, nguvu yote inakwenda kumalizikia kwenye kile kijipini. Alumini ikaliwa, mtutu ukageuka kidogo, saiti nayo ikaufuata. Fundi wa bunduki alicheka kwa adabu, ila bili yake haikuwa na adabu hata kidogo.

Kwa hiyo bana mtutu wenyewe. Ziko bloku za kubania mtutu, na iko fimbo ya chuma yenye meno inayoingia kwa nyuma na kuumana na meno ya mtutu. Hiyo ndiyo niliyonunua baadaye, na sijajuta. Kidude kikikataa, usiongeze urefu wa spana. Pengine kimetiwa gundi. Gundi nyekundu ya nati hulegezwa na joto; ile ya kauri hulegea ukiiloweka kwenye maji. Na kama mtutu wako ni mfupi kuliko inchi 16 na kidude kimepigwa pini na kuchomelewa, kiache hapo hapo. Sheria ya Marekani inakihesabu kuwa sehemu ya urefu wa mtutu. Ukikitoa, umetengeneza bunduki fupi inayotakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya silaha ya 1934, na kutokujua hakutakusaidia. Majimbo kama California na New York nayo yana masharti yao juu ya vidude hivi, soma kwanza. Binamu yangu wa Tanga aliponiuliza kama naye ajaribu kwenye bunduki yake, nilimwambia asiguse, ampelekee fundi mwenye leseni.

Kwenye kununua watu huchanganyikiwa. Mitutu ya risasi za milimita 5.56, kama wa AR yangu, huku ina nyuzi (ile mikato ya skrubu ambako kidude hujifunga) za nusu inchi, 28 kwa kila inchi. Lakini mitutu mingi ya milimita 9 ina nyuzi hizo hizo! Breki ya 5.56 itaingia kwenye mtutu wa milimita 9 bila kulalamika, halafu risasi ikutane na tundu dogo kuliko yenyewe. Nyuzi kuingiana si ushahidi kwamba tundu linatosha. Wenye AK wakumbuke kwamba zao nyingi hufunguka kinyume, kwa kuzungusha upande wa saa.

Washa ya kupondeka, yaani kile kipete kinachobanwa kati ya mtutu na kidude, ni ya kutumika mara moja. Ikishapondwa, tupa, weka mpya. Kaza kwa mkono mpaka ibane, kisha malizia kwa spana hadi matundu ya breki yatazame yanakotakiwa. Ukipitiliza usirudishe nyuma, maana washa haitabana tena. Fungua, anza na nyingine. Mimi nilimaliza tatu. Ukimaliza, pitisha fimbo iliyonyooka ndani ya mtutu utazame kama inatokea katikati ya tundu, halafu chora mstari mdogo wa rangi nyeupe kutoka mtutu hadi breki. Siku ya kwanza uwanjani kagua mstari huo kila baada ya risasi chache.

Mstari wangu haukusogea. Aliyesogea ni mzee wa meza ya jirani, aliyehama meza tatu kwa sababu ya kishindo, kwani breki hutupa mlipuko wote kwa walio pembeni. Mimi mwenyewe, na vizibo masikioni na viziba sauti juu yake, kichwa kiliniuma hadi jioni. Na teke la 5.56 tangu mwanzo lilikuwa dogo kiasi kwamba Salma, mwenye miaka kumi na tisa, hulicheka. Wiki mbili baadaye nilirudisha kile kikopo cha zamani, kwa washa mpya. Breki iko kwenye kopo la kahawa gereji, kama kuna mtu anaitaka.