Nimefanana na mama: je, saratani ya baba hainihusu?

SWALI: Daktari, baba yangu aligunduliwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 44, akafariki. Dada yake, shangazi yangu, aliugua saratani ya mji wa mimba akiwa na miaka 47. Alitibiwa na yu hai. Mimi nina miaka 34, sina dalili. Ndugu wanasema nisihofu kwa kuwa nimechukua kila kitu kwa mama. Ni kweli?

JIBU: Pole sana kwa msiba. Hapana, sura ya mama haikukingi. Unaweza kurithi macho ya mama na kasoro ya baba kwa pamoja.

Kilichonishtua ni habari ya shangazi. Muulize kama saratani ilikuwa ya mji wa mimba wenyewe, si ya mlango wake, maana hiyo ni habari nyingine. Kama ni mji wenyewe, basi saratani hizi mbili katika ukoo mmoja, zote kabla ya miaka 50, zinanifanya nifikirie sindromu ya Lynch, yaani kasoro ya jeni ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani hizi. Husababisha takriban saratani 3 kati ya 100 za utumbo mpana.

Seli inapogawanyika hunakili DNA yake, na makosa hayakosi. Jeni za MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 hufanya kazi ya mhariri: kuyasaka na kuyasahihisha. Aliyerithi jeni mbovu hubaki na nakala nzima ya mzazi wa pili. Nayo ikiharibika katika seli ya utumbo, makosa hulundikana hadi saratani. Kama baba alikuwa nayo, kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu.

Usikimbilie kupima jeni zako. Apimwe shangazi kwanza. Kasoro ikipatikana kwake, wewe utatafutiwa hiyo hiyo, na jibu litaeleweka. Ukipimwa peke yako, "hakuna kitu" inaweza isikuhakikishie lolote.

Lakini kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, usiisubirishe majibu hayo. Mtoto wa mgonjwa kama baba yako hushauriwa kuanza miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligunduliwa. Kwako ni sasa. Vinyama vikionekana hukatwa palepale, kabla havijageuka saratani. Ukithibitika una Lynch, utarudia kila mwaka mmoja au miwili. Kama una dada, waonyeshe barua hii, na yeyote anayetokwa damu nje ya siku zake amwone daktari mapema.