Umemwambia Mwenyewe?

Barua zenu za mwezi huu kuhusu wenzenu kazini nimezisoma zote, na karibu zote zinaanza namna moja: nimemweleza mume wangu, nimemweleza mchungaji, nimewaeleza dada zangu kwenye grupu. Anayekosekana ni yule yule anayelalamikiwa. Nilikaa ofisi ya utumishi miaka 19, kiwandani kwanza kisha hotelini, na kila aliyefungua mlango wangu nilimuuliza swali hilo lililoko hapo juu kabla hajakaa. Leo nawauliza ninyi. Maswali marefu nimeyafupisha.

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, Dodoma. Mwenzangu wa kunipokea zamu ya usiku anachelewa kila siku, dakika 40, siku nyingine saa nzima. Siwezi kuacha wagonjwa na nyumbani watoto wananisubiri. Nimefika mahali hata kumtazama sitaki.

Marahaba, mwanangu. Wodi hukuiacha, na hilo ni jema. Ila barua yako ni ya kurasa mbili na hakuna mahali uliposema umemwambia. Umemnunia, umemjibu kwa mkato, umegonga mafaili mezani. Hayo yote anaweza kuyasoma anavyotaka. Pengine anadhani unaringa.

Mwambie, na umwambie kwa tarehe. Ukisema "wewe unachelewa kila siku", atakutafutia siku moja aliyowahi na mtabishana juu ya siku hiyo. Sema hivi: "Jumanne zamu yangu iliisha saa 1:30, wewe uliingia saa 2:20. Nilifika nyumbani watoto wamelala na njaa. Naomba kuanzia kesho uingie kwa wakati, na ukipata kikwazo unipigie mapema nijipange." Halafu nyamaza umsikilize. Kiwandani tulikuwa na kina mama wawili wa mashine moja walionuniana nusu mwaka kwa jambo hili hili. Walipokalishwa, ikajulikana mchelewaji alikuwa anamuuguza mama yake aliyepooza na hakuwa na wa kumwachia mpaka mdogo wake atoke kazini. Walibadilishana zamu mchana ule ule. Nusu mwaka wa kisirani uliisha kwa mazungumzo ya robo saa.

Mwenzako huenda hana sababu yoyote, ni uzembe tu. Ndiyo maana kuanzia leo, mnapokabidhiana, saa aliyoingia iandikwe kwenye daftari la makabidhiano na nyote wawili mtie saini. Mgonjwa akizidiwa ndani ya dakika hizo 40, ataulizwa aliyekuwa na wodi, na bila saa iliyoandikwa zitakuwa zamu mbili zinazonyosheana vidole. Ukimwambia mara mbili asibadilike, peleka daftari kwa muuguzi mfawidhi. Mpelekee tarehe, majungu yabaki nje.

Tupo meza moja miezi minne na hanisalimii. Nifanyeje? (Morogoro)

Msalimie wewe. Kila asubuhi, kwa jina lake, hata asipoitikia.

Nilimkopesha mwenzangu laki tatu tangu Februari. Sasa ananinunia na kazi zangu anazikalia makusudi. Niende kwa bosi? (Mwanza)

Swali la mikopo ya ofisini nimelijibu mara nyingi na bado linakuja, kwa hiyo nitasema bila kupamba: bosi wako si mdai wako. Ukienda kwake na habari ya laki tatu, atawaona nyote wawili ni watu wa matatizo, na siku ya kupandisha mtu cheo atakumbuka.

Tenganisha mambo mawili. La deni, mkae mkiwa wawili, aandike kiasi, tarehe za kulipa, na saini. Hata elfu hamsini hamsini kwa mwezi ni deni linalolipwa. La kazi zinazokaliwa, lizungumze kama la kazi: hati fulani niliileta Jumatatu, leo Alhamisi, inahitajika lini? Usichanganye sentensi hizo mbili kwenye kikao kimoja.

Na wengine mnaosoma: mwenzako kazini akikuomba fedha, mpe ile ambayo isiporudi utaendelea kumsalimia. Zaidi ya hapo aende kwenye kicoba au SACCOS, kwenye daftari na wadhamini. Na udhamini wenyewe muusome kabla ya kusaini. Nimewaona watu wanaolipa mkopo wa mtu aliyehama mkoa.

Ripoti naandika mimi, yeye anaipeleka kwa meneja kama yake. Tumefanya hivi mwaka mzima. (Dar es Salaam)

"Tumefanya" ndilo neno lililonigusa. Unampa wewe mwenyewe, mkononi. Acha. Andika jina lako na tarehe ukurasa wa kwanza, tuma kwa barua pepe kwa meneja, na yeye mpe nakala. Kabla ya kuanza, mjulishe: "Kuanzia mwezi huu ripoti ya mauzo nitaituma mwenyewe." Huhitaji kumtuhumu kwa ya mwaka jana. Na kwenye kikao cha idara zungumza. Meneja hawezi kuijua kazi ya mtu anayekaa nyuma kimya.

Nimekuta unga mweupe chini ya kiti changu, na kuna mama mmoja ofisini hanipendi. Nimwambie mkuu wa idara? (Shinyanga)

Futa, keti, fanya kazi. Na huyo mama usimtaje kwa mtu yeyote. Ninakusihi hili kwa moyo wote. Unaandika kutoka Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma zilizoanza kwa minong'ono kama huu wako. Neno "mchawi" likishamtoka mtu halirudi, na hutajua limefika kwa nani. Kama kuna jambo kati yenu, mtafute umuulize: "Mama, kuna nililokukosea?"

Mimi nipo hoteli moja Arusha. Supavaiza ananifokea mbele ya wageni, ananiita mjinga, mara mbili amenirudisha nyumbani bila sababu. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, naipeleka Jumatatu. Nitapata haki zangu?

Usiipeleke Jumatatu. Jibu lako ni refu kwa sababu kwa mwezi napata barua tatu nne kama yako, na nyingi zinanifikia barua ya kuacha kazi ikiwa imeshapokelewa na kugongwa muhuri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina kanuni zake za utendaji bora zilizotoka mwaka 2007. Kanuni hizo zinatambua kwamba mwajiri akiifanya kazi isivumilike mpaka mfanyakazi akajiuzulu, kujiuzulu huko kunahesabika kuwa ni kuachishwa kazi. Watu wengi wanalijua hilo nusu, na nusu wanayoiacha ndiyo inayowaangusha: aliyeonewa anatakiwa awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo hapo kazini, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutozitumia. Wewe umetumia ipi? Malalamiko umempelekea mpishi, na umempelekea mlinzi wa getini.

Sasa itoe hiyo barua uisome. Nitabahatisha ulichoandika: unaacha kazi kwa "sababu binafsi" na unashukuru "kwa ushirikiano mzuri". Kila mtu anaandika hivyo kwa adabu, na barua hiyo ndiyo utakayosomewa siku ukidai ulionewa. Utaieleza vipi?

Anza hivi. Zamu ikiisha, wageni hawapo, mwambie supavaiza: "Jana mezani uliniita mjinga mbele ya wageni. Nikikosea niite pembeni unielekeze, lakini usinitukane." Kama unaogopa kuwa naye peke yako, nenda na mwenzako mmoja mtulivu. Usiku huo huo andika kwenye daftari lako tarehe, saa, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, na nani alikuwepo. Akirudia, andika barua ya malalamiko kwa meneja au ofisi ya rasilimali watu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala isiyo na muhuri ni karatasi tu. Siku alizokurudisha nyumbani ziorodheshe pembeni, kwa sababu zinagusa mshahara. Kama umejiunga na chama cha wafanyakazi cha CHODAWU, hoteli ni eneo lao. Kiongozi wa tawi ana haki ya kuingia na wewe kikaoni.

Ikishindikana yote na ukaondoka au ukaondolewa, hesabu siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wenyewe tunaiita CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ni siku 60. Binti mmoja aliniletea kesi yake siku ya 43. Alikuwa na mashahidi, alikuwa na ujumbe wa matusi kwenye simu, kila kitu. Kuomba kusikilizwa nje ya muda kunawezekana, lakini alilazimika kuanza kwa kueleza kuchelewa kwake badala ya kueleza alichotendewa, na sababu yake ilikuwa kwamba alikuwa kijijini anatuliza hasira. Hakufanikiwa. Bado ninamkumbuka.

Mengine mawili. Kama hujatimiza miezi 6 na mwajiri huyo, mlango wa kudai kuachishwa isivyo halali umefungwa, kwa hiyo angalia tarehe ya mkataba wako kabla ya kujitetemesha. Na hata ukiamua kuondoka kwa amani, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Ukiondoka kimyakimya, wao ndio watakaokudai.

Je, na mimi mwalimu wa shule ya serikali naweza kwenda CMA?

Hapana, si moja kwa moja. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma. Anza na mwalimu mkuu, kwa maandishi.

Nimemrekodi kwa siri akinitukana. Niitume kwenye grupu la ofisi wamjue?

Usitume. Ukiirusha kwenye grupu, kesho kesi itakuwa yako, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiangalii nani alianza. Andika kilichotokea, umwambie mwenyewe, kisha upeleke kwa mkubwa wenu.

Nipo Mombasa, ofisi ya kusafirisha mizigo. Mkuu wangu ananishikashika kiuno na ananitumia ujumbe usiku akisema mkataba wangu upo mikononi mwake. Unasema tuwaambie wenyewe. Mimi nitamwambiaje?

Dada yangu, ushauri wangu wa siku zote haukuhusu. Kumkalisha na kuzungumza ni kwa wenzako wanaokosea. Huyu anakuwinda, na kumfuata ofisini peke yako "mkaelewane" ndicho anachokitaka. Neno moja linatosha, na litume kwa maandishi ili libaki: "Sitaki. Usiniguse, na usinitumie ujumbe usio wa kazi." Hapo mazungumzo na yeye yameisha.

Usifute ujumbe wake hata mmoja. Upige picha na uutume kwa mtu unayemwamini, simu huibwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Iombe, na malalamiko yako yapeleke juu ya mkuu huyo, kwa maandishi. Ofisi ikikaa kimya, polisi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhusu mwenye mamlaka anayetumia cheo chake namna hiyo. Kwa walioko Tanzania, kudaiwa mwili ili upewe kazi au mkataba ni rushwa ya ngono, na TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113.

Na ninyi mnaokaa jirani na meza ya dada huyu: mnaona. Atakapowaita muwe mashahidi, nendeni.

Nikiingia chumba cha chai wenzangu wananyamaza. Hawanialiki kwenye vikao vya michango. Sijawahi kumgombeza mtu. Inawezekana msumbufu ni mimi? (Tanga)

Inawezekana. Nimekaa na barua yako siku tatu kwa sababu katika zote hii ndiyo ya pekee iliyouliza hivyo, na najua imekugharimu kuiandika.

Watu hawamkwepi mgomvi peke yake. Humkwepa anayepeleka maneno kwa bosi, hata kama anayapeleka kwa nia njema. Humkwepa anayesahihisha kosa la mwenzake mbele ya watu. Humkwepa asiyechangia msiba na asiyesema kwa nini. Na mara nyingine wanakwepa mtu kwa uongo waliolishwa na mtu mwingine, na huna kosa lolote. Mimi kutoka huku siwezi kujua lipi ni lako.

Mmoja wao anajua. Mchague yule anayekuitikia salamu vizuri, mtoe nje ya ofisi, mnunulie chai, umuulize: "Nimefanya nini?" Akikujibu, usijitetee siku hiyo. Mshukuru, nenda nyumbani, lala nalo, kisha uniandikie alichosema.